Makaa na Ngeu Katika Kuta za Ngome ya Yesu

Katika nchi ya Kibati, iliyo kaskazini ya mji wa Goma kwenye barabara iendayo Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470, hakuna mtu ajivuniaye umri wa nyumba yake, kwani ardhi yenyewe tuikanyagayo, mahali pengi, ni changa kuliko wazee wetu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa katika kinywa cha mlima lilipasua mbavu zake likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka tena, ukapita katikati ya Goma hata ukaingia katika ziwa Kivu. Na usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ukaja mara nyingine, ukaikata barabara ya Rutshuru na kufika katika vitongoji vya mji. Kila mara watu walirejea, wakayapasua mawe meusi yale yale yaliyowafukuza, mawe yenye vitundu kama sega la nyuki, wakayajengea misingi na nyua mpya. Ndiyo sababu historia yetu tumeizoea kuisikia kwa masikio kuliko kuiona kwa macho: tunayo majina ya waliotutangulia, lakini kuta walizoziegemea hatunazo.

Nimesema hayo ili ifahamike kwa nini mtu wa Kibati, akijaliwa kufika Mombasa, huiendea Ngome ya Yesu kwa shauku ambayo wenyeji wa Mji wa Kale, waipitao kila siku wakienda sokoni, huenda wakaiona imezidi kiasi. Tena kuna haki ya undugu. Kiswahili tusemacho kilipanda bara kutoka pwani hiyo, kwanza kwa misafara ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliofika Nyangwe na Kasongo, ambao maarufu wao alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip. Kisha kikaenezwa kwa askari wa serikali, kwa shule za misheni na kwa migodi ya Katanga. Aingiapo Mombasa, mtu wa Kivu huchekwa kidogo kwa matamshi yake, naye huvumilia, akijua kwamba amefika katika nyumba ya babu ambako wajukuu hawakosi kusahihishwa.

Ngome yenyewe ilizaliwa kwa hofu. Vasco da Gama aliifikia Mombasa mwezi wa Aprili 1498 akaona hana salama, akashika njia ya Malindi, ambako sultani alimkaribisha. Na tangu hapo Wareno wakawa na rafiki mmoja na adui mmoja katika pwani ile. Adui alilipizwa kisasi kizito: Francisco de Almeida aliuteketeza mji mwaka 1505, na Nuno da Cunha akaurudia mwaka 1528. Mombasa ilikuwa na tabia ya kusimama tena kila ilipoangushwa, lakini miaka ya 1580 ilileta jambo jipya, nalo ni jahazi za Mturuki Mir Ali Bey, aliyeshuka kutoka bahari ya Sham akapokewa na miji ya Waswahili kama mkombozi. Mwaka 1589 Wareno walimshinda na kumkamata, katika wakati ule ule ambapo Wazimba kutoka bara walivuka wakaingia kisiwani. Ila jambo hilo liliwafundisha Wareno kwamba bahari pana haitawaliwi kwa merikebu zipitazo tu. Basi kwa amri ya mfalme Philip, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno pamoja, ujenzi ukaanzishwa mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno huko Uhindi, naye akafa mwaka 1596 akiiacha Mombasa kuwa kazi yake ya mwisho.

Aitazamaye ngome kutoka juu huambiwa kwamba ina umbo la mwanadamu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Na kweli ukiijua habari hiyo hutaweza tena kuiona vingine. Mikono na miguu ya mtu huyo ni maburuji manne, yaani zile ngome ndogo za pembeni zilizowekwa mizinga, nayo yamepewa majina ya watakatifu: San Felipe na San Alberto upande wa nchi kavu, San Matias na San Mateus upande wa pili. Yote yamesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni za matumbawe, hata si rahisi kujua mahali ambapo kazi ya Mungu imekoma na kazi ya mwashi ikaanza.

Juu ya mlango liko jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno, liutajalo mwaka 1635. Aliyeamuru lichongwe ni Francisco de Seixas de Cabreira, kapiteni wa ngome, ambaye hakusahau kuutaja umri wake wa miaka 27, wala kueleza jinsi alivyolitengeneza upya jengo, jinsi alivyoiadhibu Pate na miji mingineyo ya pwani, na jinsi alivyowatoza kodi wafalme. Ni maneno ya kijana aliyepewa madaraka mapema. Lakini jiwe lile halimtaji kwa jina mtu mmoja, na bila mtu huyo lisingechongwa kamwe. Nami naona ni vema tukae naye kitambo kabla hatujaingia ndani.

Mtu huyo ni Yusuf bin Hasan. Zama za kujengwa kwa ngome, Wareno waliihamisha ile nyumba ya wafalme wa Malindi, rafiki zao wa siku zote, wakaipa utawala wa Mombasa. Ila urafiki wa mwenye mizinga na asiye na mizinga hauna umri mrefu. Sultani Hasan, baba yake Yusuf, aligombana na kapiteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko mwaka 1614 akauawa na watu waliokwisha kuhongwa, na kichwa chake kikapelekwa Goa, huko Uhindi. Mtoto Yusuf naye alipelekwa Goa. Huko mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino walimlea, wakamfundisha, wakambatiza kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akaoa Kikristo, akatumika katika merikebu za Wareno, akajifunza kazi ya mizinga. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa awe mfalme, na bila shaka waliomrudisha walidhani kwamba wamekwisha kumfinyanga.

Raia wake walimwona kuwa Mreno, na Wareno wa ngomeni wakamwona kuwa mwenyeji. Wale hawakumpa mapenzi na hawa hawakumpa heshima. Kisha kapiteni Pedro Leitão de Gamboa akapata habari kwamba mfalme yule Mkristo huonekana usiku kaburini kwa baba yake akiomba dua kwa desturi ya Kiislamu, naye akakusudia kumshitaki kwa wakubwa wa Goa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba anamzuru kapiteni, akamwua kwa mkono wake mwenyewe, na Wareno wa mjini, wanaume kwa wanawake na watoto, wakapata mauti au utumwa isipokuwa waliokubali kusilimu. Akaitwa tena Yusuf. Mwaka uliofuata merikebu kutoka Goa zilikuja kumtoa zikashindwa. Lakini akijua kwamba zitarudi kubwa zaidi, aliondoka kwa hiari yake akaingia baharini, akawa mwindaji wa vyombo vya Wareno hadi mauti yalipompata mwaka 1638. Wareno waliporudi waliukuta mji mtupu. Kwa hiyo Cabreira, alipoandika juu ya mlango kwamba ametiisha pwani yote, alikuwa akijitahidi kuifuta fedheha kwa patasi.

Sasa tuingie. Nyuma ya mlango kuna njia ya kupanda iliyokatwa, kisha uwanja mpana wenye jua kali, na mgeni mwenye haraka huvutwa na mizinga na kuyapita mambo ambayo kwa maoni yangu ndiyo yaliyo bora katika ngome nzima. Hayo ni michoro ya ukutani ya karne ya 17, iliyogunduliwa kwenye kuta za buruji la San Mateus, na ambayo sasa imehifadhiwa ndani ya chumba mbali na mvua. Hakuna jina la aliyeichora. Inasadikiwa kwamba ni kazi ya askari na mabaharia wa Kireno waliokuwa zamu. Na vifaa vyao vilikuwa vile ambavyo askari asiye na fedha anaweza kuviokota mahali popote: makaa meusi, na ngeu, ule udongo mwekundu ambao mafundi seremala huutumia kupigia mstari.

Ukisogea karibu, kiasi cha kuweza kuona jinsi mkono ulivyokaza kaa juu ya lipu na jinsi ulivyolegea, utaona kwanza merikebu. Ziko nyingi, nyingine zimepandana juu ya nyingine, maana kila aliyekuja zamu alichora bila kuuliza ruhusa ya aliyemtangulia. Merikebu za Ulaya zina milingoti mirefu na kamba zake, na aliyezichora alikuwa amepata kuzipanda kamba hizo, kwa kuwa hakosei mahali zinapofungwa. Lakini karibu nazo viko vyombo vya pwani, majahazi ya tanga la pembetatu, na chombo ambacho Mswahili hatakosa kukitambua, yaani mtepe, ule ambao mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake likafumwa kama mkeka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika karne iliyopita. Kwamba sura yake imehifadhiwa na mkono wa mtu aliyekuja kuwaharibia wenye mitepe biashara yao, ni jambo la kushangaza, wala sidhani kwamba yeye mwenyewe alilitambua. Aliona chombo kizuri kikipita mlangoni mwa bandari, akakichora.

Kisha kuna watu, kuna kanisa, kuna samaki, na kuna kinyonga. Nikiri kwamba kinyonga ndiye aliyenishika muda mrefu. Kanisa naelewa sababu yake, kwani mtu aliye mbali na kwao huchora alichokikosa. Na merikebu vilevile, maana ndiyo iliyomleta na ndiyo pekee iwezayo kumrudisha. Lakini kinyonga hakumkumbusha Ureno hata kidogo. Kinyonga alimwona hapa, pengine akipita juu ya ukuta ule ule kwa mwendo wake wa kusitasita, na askari yule, ambaye hakupewa mshahara ila kwa kuchelewa na ambaye homa ilikuwa imekwisha kuwaua wenzake wengi, aliyaacha mambo ya wafalme akamwangalia mnyama mdogo hadi akaijua miguu yake. Katika maandishi yote ya Wareno juu ya Mombasa niliyopata kuyasoma, yaliyojaa ushuru, malalamiko na ushindi, sikumbuki mahali ambapo mtu ameitazama nchi hii kwa namna hiyo bila ya kutaka kuichukua.

Cabreira alitumia jiwe na patasi ili akumbukwe, na anakumbukwa kwa majivuno yake. Hawa hawakutaka kukumbukwa, wala lipu ya chokaa si mahali pa kuandikia wosia. Nimejiuliza kama afisa yeyote wa zamu aliwakemea kwa kuchafua ukuta. Ninadhani alikuwa na mambo mengine ya kufikiri.

Na mambo mengine yalikuja, tena makubwa. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Omani, kwa amri ya Imamu Saif bin Sultan, yaliuingia mji na kuizingira ngome, na kuzingirwa huko kukadumu hadi tarehe 13 Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na Waswahili walioshikamana nao, na maradhi yakawaua kuliko risasi. Merikebu ya kivita Santo António de Tanná ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Siku Waarabu walipopanda ukuta waliwakuta ndani watu wa kuhesabika kwa vidole. Merikebu ile ililala matopeni muda wa miaka 280, hata wapiga mbizi na wanaakiolojia walipoanza kuichunguza mwaka 1977, mwaka ule ule ambao sisi wa Kibati tulikuwa tukizikwa na kitu kingine; kazi yao iliendelea hadi 1980, na vyombo walivyovitoa baharini vinaonyeshwa ngomeni leo.

Wareno waliipata ngome tena kwa muda mfupi, kati ya 1728 na 1729, kisha wakafukuzwa moja kwa moja. Waliobaki nayo ni Waomani, na kwa niaba yao Wamazrui, ambao baada ya mapinduzi ya utawala huko Maskati walijifanya huru tangu miaka ya 1740 na kuitawala Mombasa kama milki yao wenyewe. Zama hizo ndizo alizoishi Muyaka bin Haji, mshairi ambaye mashairi yake hayajapata kuzeeka midomoni mwa watu wa Mombasa. Ngome ikageuka nyumba. Katika buruji la San Felipe ilijengwa nyumba ya wakubwa, ambayo leo huitwa Nyumba ya Waomani, na dari zake zikashikwa na boriti. Na katika ukumbi unaojulikana kwa jina la Wamazrui kuna ukuta wenye mapambo ya maua yaliyojipinda na kujiviringa, rangi yake imekwisha kufifia, na juu yake miti iliyochongwa.

Nimewaona wageni wakiupita ukuta huo bila ya kuutupia jicho, na sikuwalaumu sana, kwani umefifia kweli. Lakini ni sharti uwekwe pamoja na ule wa makaa. Mwenye kuchora maua yale alikuwa fundi, aliyepewa kazi na mwenye nyumba na kulipwa ujira, naye aliyajua mapambo ya nyumba za kiungwana tangu Lamu hadi Unguja. Hakuna kinyonga katika kazi yake, kwa sababu mapambo ya nyumba ya Kiislamu hayapendi sura za viumbe, na kwa sababu hakuwa mtu wa kupoteza wakati. Upande mmoja ni sanaa ya adabu, upande wa pili ni sanaa ya uchovu wa zamu. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nitachukua ya pili, ingawa najua kwamba ya kwanza ndiyo iliyohitaji mkono hodari.

Wala isidhaniwe kwamba kuchora vyombo ukutani ni mzaha wa Wareno peke yao. Katika magofu ya Kilwa na ya Gede yamepatikana majahazi yaliyochorwa kwa ncha kali juu ya lipu, na wataalamu waliyachunguza na kuyatolea maandiko tangu miaka ya 1960. Yaonekana kwamba pwani nzima, mwenye kusubiri upepo na mwenye kusubiri mgeni, wote walikuwa na dawa moja. Nasi wa Kongo tusijione maskini katika jambo hili: miaka ya 1973 na 1974, huko Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye turubai zake zilikuwa magunia ya unga, alichora historia nzima ya nchi, picha zipatazo mia, akamweleza mwanachuoni Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Alijiita mwanahistoria, na alistahili jina hilo. Laiti askari wa San Mateus naye angelipata mtu wa kumkalisha na kumwuliza maana ya kinyonga wake!

Wamazrui walijaribu kujikinga kwa bendera ya Waingereza, ambayo kapiteni Owen aliipandisha mwaka 1824 na serikali yake ikaishusha mwaka 1826. Mwisho wao ulikuja mwaka 1837, Seyyid Said wa Omani alipowakamata wakubwa wao na kuweka askari wake ngomeni. Mwaka 1875 Al-Akida, mkuu wa askari hao, alipoasi, manowari za Kiingereza ziliipiga ngome mizinga hata akasalimu amri. Hapo si mahali pa kukawia.

Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza la wahalifu, nayo ikabaki gereza hadi 1958. Katika miaka hiyo 63 vibanda na kuta za wafungwa zilijaza uwanja, na mapito ya zamani yakazibwa. Mwandishi akitaka kuwa mkali atasema kwamba Waingereza waliivunjia heshima. Lakini kuta mashuhuri zisizo na kazi, katika pwani ile, ziliishia kuwa machimbo ya mawe ya kujengea nyumba za jirani, na ngome iliyojaa wafungwa na askari haikuweza kuchimbwa na mtu. Ilipotangazwa mwaka 1958 kuwa mahali pa kuhifadhiwa, fedha za kuitengeneza zilitoka kwa Mfuko wa Gulbenkian wa Lisbon, hivi kwamba fedha kutoka Ureno zilirudi kuyafukua mambo ya Wareno. Na James Kirkman, aliyekuwa amekwisha kuchimba Gede, ndiye aliyesimamia kazi, akaviondoa vibanda vya gereza, akayafukua majengo ya chini, akawa mtunzaji wa kwanza wa makumbusho. Leo ngome imo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Wanafunzi huja kwa makundi, na jioni nyingine uwanja uliokuwa wa gwaride na wa wafungwa huwa na ngoma na maonyesho.

Adui aliyebaki ni bahari. Mawimbi yalikuwa yakiula mwamba chini ya ngome mwaka hata mwaka, hata katika muongo uliopita serikali ya Kenya ikajenga ukuta wa kuyazuia, jambo ambalo wavuvi waliozoea kupita hapo hawakulipenda wote. Na ndani, adui ni chumvi iletwayo na upepo wa bahari hiyo hiyo, ambayo huingia katika lipu, hukauka, huvimba, na kuibandua vipande vipande pamoja na chochote kilichochorwa juu yake. Ndiyo maana kuta hizi hazifai kuzibwa kwa saruji, ingawa ni rahisi na hupatikana dukani; saruji hufunga unyevu ndani, na lipu ya zamani huoza nyuma yake bila kuonekana. Inayotakiwa ni chokaa, ile ichomwayo kwa matumbawe na kuni, ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Na mafundi wanaoijua kazi hiyo barabara, katika Mji wa Kale wenyewe, wamekwisha kuwa adimu.